Kirksville au Des Moines: historia ya shule mbili za udaktari na swali linalorudi Munigi

Munigi, Nyiragongo. – Simu inalia jioni, wakati mtandao umerudi na betri bado ina nguvu kidogo. Ni mtoto wa baba mkubwa, yule aliyeondoka na wazazi wake kwenda Marekani miaka mingi iliyopita. Ana habari njema: amemaliza masomo ya kwanza ya chuo kikuu, na sasa shule mbili za udaktari zimemkubali. Moja iko Kirksville, katika jimbo la Missouri. Nyingine iko Des Moines, katika jimbo la Iowa. Anaomba wakubwa wa familia wamshauri.

Furaha inadumu mpaka mtu anapouliza ni udaktari gani. Jibu ni kwamba shule zote mbili ni za osteopathi. Hapo watu wananyamaza. Aliyesoma Kifaransa anasema kwamba osteopati si daktari, ni mtu wa kunyoosha migongo. Mzee naye anaongeza: basi amevuka bahari ili awe mwunga mifupa, wakati waunga mifupa tunao hapa hapa?

Mazungumzo ya namna hii yanaweza kutokea leo katika nyumba nyingi za Goma na pembezoni mwake, kwa sababu vita vimetawanya familia zetu mpaka mbali. Wengine walipita kambi za Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania kabla ya kupelekwa Marekani kama wakimbizi. Wengine walipata bahati nasibu ya viza. Na huko Kirksville, mji mdogo wa watu karibu 17 000, kuna Wakongomani wengi wanaoishi na kufanya kazi, wengi wao katika viwanda vya nyama vya eneo hilo. Katika jimbo la Iowa pia, Des Moines, Cedar Rapids na Iowa City, Wakongomani ni wengi. Kwa hiyo majina haya mawili ya miji si ya mbali kama yanavyosikika.

Ili kumjibu mtoto vizuri, inafaa kujua shule hizi zilitoka wapi. Historia yake ina vita, ina watoto waliokufa, na ina ugomvi wa jina la daktari. Ni mambo ambayo watu wa Munigi wanayafahamu bila kufundishwa.

Baba aliyepoteza watoto watatu

Mwanzilishi wa osteopathi anaitwa Andrew Taylor Still. Alizaliwa mwaka wa 1828 katika jimbo la Virginia. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kanisa la Metodisti na pia mganga, na mtoto alijifunza kazi ya kutibu kwa kumfuata baba, kama ilivyokuwa kawaida ya wakati ule. Familia ilihamia Kansas, ambako watu walikuwa wakipigana kwa sababu ya utumwa. Still alikuwa upande wa waliotaka utumwa uishe, na vita vikubwa vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka wa 1861, alijiunga na jeshi la Kaskazini.

Mwaka wa 1864 ugonjwa wa uti wa mgongo uliingia nyumbani kwake. Waganga waliitwa, dawa zilitolewa, na watoto watatu walikufa. Still mwenyewe alikuwa mtu wa kutibu, lakini hakuweza kuwaokoa watoto wake.

Dawa za wakati ule zinafaa kusemwa. Mgonjwa alitolewa damu. Alipewa zebaki, ambayo iling'oa meno na kuharibu matumbo. Alipewa pombe na afyuni. Wengine waliumizwa na matibabu kuliko na ugonjwa. Still aliamua kwamba njia hiyo haifai, akaanza kuchunguza mwili: mifupa, misuli, mishipa ya damu. Alichimba makaburi ili apate mifupa ya kujifunzia. Mwaka wa 1874 alitangaza mafundisho yake mapya. Wazo lake lilikuwa kwamba mwili una nguvu ya kujiponya, na kazi ya daktari ni kuondoa kizuizi, hasa katika mifupa na viungo, ili damu ipite vizuri.

Watu hawakumpokea. Chuo cha Baker huko Kansas, ambacho familia yake ilikuwa imesaidia kukianzisha, kilikataa afundishe maneno yake pale. Akahamia Kirksville, Missouri, mwaka wa 1875. Alizunguka miji midogo akitibu kwa mikono, na alijitangaza kama mwunga mifupa mwenye kasi ya radi. Kwa hiyo yule mzee aliyecheka jina la mwunga mifupa hakukosea kabisa: mwanzoni, Still mwenyewe alijiita hivyo.

Nyumba ya mbao, halafu mpwa anafungua ya kwake

Mwaka wa 1892 Still alifungua shule huko Kirksville katika nyumba ndogo ya mbao. Daktari mmoja kutoka Scotland, William Smith, ndiye aliyefundisha somo la mwili wa mtu, yaani anatomia. Wanafunzi wa kwanza walikuwa karibu ishirini, na wanawake walikuwamo tangu siku ya kwanza. Katika miaka ile, shule nyingi za udaktari zilikuwa zikiwafungia wanawake mlango. Wasichana wanaosoma habari hii wakumbuke jambo hilo.

Jina lilienea. Wagonjwa walifika Kirksville kwa treni kutoka majimbo mengine, na hoteli zikajengwa kwa ajili yao. Mwaka wa 1896 jimbo la Vermont lilikuwa la kwanza kukubali osteopathi kwa sheria, na Missouri ikafuata mwaka wa 1897.

Mwaka wa 1898 mpwa wa mzee, Summerfield Saunders Still, pamoja na mke wake Ella, wote wawili wakiwa wamesoma osteopathi, walifungua shule yao Des Moines, mji mkuu wa Iowa. Hiyo ndiyo shule ya pili kwa umri kati ya shule za osteopathi zinazoishi mpaka leo. Leo inaitwa Des Moines University. Ile ya Kirksville inaitwa A.T. Still University, kwa jina la mwanzilishi.

Basi shule mbili zinazomchanganya mtoto wa familia ni za ukoo mmoja. Ni kama baba mkubwa aliyejenga nyumba yake kijijini, halafu mtoto wa ndugu yake akajenga ya kwake mjini.

Mkaguzi wa 1910

Wakati ule kila mtu mwenye nyumba na meza aliweza kufungua shule ya udaktari Marekani. Shule nyingi zilikuwa biashara: mwanafunzi alilipa, alisikiliza masomo miezi michache, akapewa diploma bila kugusa mgonjwa. Taasisi ya Carnegie ilimtuma mwalimu mmoja anayeitwa Abraham Flexner akague. Alikagua shule 155 za Marekani na Kanada, na mwaka wa 1910 akatoa ripoti.

Flexner aliuliza maswali yaleyale kila mahali. Wanafunzi waliingia wakiwa wamesoma mpaka wapi? Maabara iko? Hospitali ina vitanda vingapi, na mwanafunzi anaruhusiwa kumkaribia mgonjwa? Walimu wanalipwa na nani? Alipita pia katika shule nane za osteopathi, ya Kirksville na ya Des Moines zikiwamo, na hakuzisifu. Alisema hazikuwa na vifaa wala hospitali za kutosha, na kwamba zilitafuta zaidi pesa za wanafunzi.

Ripoti hiyo ilifunga shule nyingi. Baadhi zilistahili kufungwa. Lakini iliumiza pia wasio na uwezo: kati ya shule saba zilizofundisha Wamarekani weusi, tano zilifungwa, zikabaki Howard na Meharry peke yake. Kwa miaka mingi watu weusi wa Marekani walikosa madaktari wao kwa sababu hiyo.

Shule za osteopathi zilikuwa na njia mbili: kufa au kubadilika. Zilizobaki ziliongeza miaka ya masomo, zikajenga maabara na hospitali, zikaanza kufundisha dawa na upasuaji kama shule nyingine. Mazoezi ya mikono hayakuachwa, yalibaki kama somo la ziada. Mzee Still alikufa mwaka wa 1917 na hakuona mabadiliko hayo yote. Pengine mengine yangemkasirisha.

Jina lililouzwa kwa dola 65

Katika Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani halikuwakubali madaktari wa osteopathi kama madaktari wa jeshi. Walibaki nyumbani. Lakini madaktari wengine walipokwenda vitani, wagonjwa waliobaki walikwenda kwa wale wa osteopathi, na wengi hawakuwaacha tena vita vilipokwisha. Ilikuwa mpaka mwaka wa 1966 ndipo jeshi lilipofungua mlango.

Kabla ya hapo lilitokea jambo la ajabu huko California. Mwaka wa 1962 chama cha madaktari wa jimbo hilo na chama cha osteopathi viliungana. Shule ya osteopathi ya Los Angeles ilibadilishwa kuwa shule ya kawaida. Daktari wa osteopathi aliyetaka aliweza kulipa dola 65, akahudhuria mafunzo mafupi, na kupewa cheo kingine. Zaidi ya 2 000 walikubali. Jana alikuwa anaitwa mtu wa madhehebu ya uongo, kesho yake ni daktari kamili, na mikono ni ileile, akili ni ileile, wagonjwa ni walewale.

Baada ya hapo zilibaki shule tano tu za osteopathi Marekani nzima: Kirksville, Des Moines, Philadelphia, Chicago na Kansas City. Wengi walifikiri huo ndio mwisho. Lakini kuuza cheo kwa dola 65 kulikuwa kumekiri mbele ya watu wote kwamba hawa walikuwa madaktari tangu zamani. Mwaka wa 1969 jimbo la Michigan lilianzisha shule ya osteopathi ambayo baadaye iliwekwa ndani ya chuo kikuu cha umma. Kufikia mwaka wa 1973 majimbo yote yalikuwa yanatoa leseni. Leo shule hizo zimepita arobaini, na zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari nchini Marekani wanasoma humo.

Sisi pia tulinyimwa jina

Historia ya Kongo ina sura inayofanana na hiyo. Mwaka wa 1926 Chuo Kikuu cha Louvain cha Ubeleji kilianzisha shirika la matibabu lililoitwa FOMULAC, na kituo chake kikubwa kikawa Kisantu, katika Kongo ya Chini. Baadaye lilifika Kivu, huko Katana, kaskazini ya Bukavu. Katika miaka ya 1930 Wabeleji walianza kuwafundisha Wakongomani kazi ya msaidizi wa daktari, miaka mingi ya masomo. Walipasua, waliandika dawa, waliongoza hospitali za vijijini. Lakini jina la daktari lilibaki la Mzungu.

Uganda ilipita njia hiyohiyo. Makerere ilianza kufundisha utabibu mwaka wa 1924, lakini ilichukua mpaka mwaka wa 1957 diploma yake kukubaliwa Uingereza.

Lovanium, chuo kikuu cha kwanza cha Kongo, ilifunguliwa Léopoldville mwaka wa 1954. Kwa hiyo tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, hakukuwa bado na Mkongomani hata mmoja aliyetoka katika chuo kikuu cha nchi na diploma ya udaktari. Majuma machache baadaye madaktari wengi Wabeleji waliondoka. Shirika la Afya Duniani liliwachukua makumi ya wasaidizi wale, likawapeleka Ufaransa wamalizie masomo, na baada ya muda mfupi walirudi wakiitwa madaktari. Kazi waliyokuwa wakiifanya kwa miaka sasa ilikuwa na jina.

Hapo ndipo historia ya Kansas na ya Kisantu zinakutana. Cheo hutolewa na wenye nguvu, na mara nyingine hucheleweshwa kwa makusudi. Tena kuna upande wa pili: si kila anayejiita daktari alistahili cheo. Flexner hakudanganya kuhusu zile shule za biashara, na hata hapa kwetu watu wanajua vituo vinavyoandika neno hospitali mlangoni bila kuwa na daktari ndani. Ndiyo maana jina halitoshi. Inabidi kuangalia nyuma ya jina.

Neno moja, kazi mbili

Yule jamaa aliyesoma Kifaransa ana sababu ya kushangaa. Huko Ufaransa sheria ya Machi 2002 ilikubali cheo cha osteopati, lakini mtu huyo si daktari. Anatibu kwa mikono, hapasui, haandiki dawa kama daktari. Ni hivyo pia katika nchi nyingi za Ulaya. Wazo la Still lilivuka bahari likabaki jinsi lilivyokuwa mwanzoni, wakati huko lilikozaliwa limekua likawa kitu kingine.

Huko Marekani, anayemaliza shule ya osteopathi anapata cheo cha D.O. Ni daktari kamili. Anaandika dawa zote, anapasua, anazalisha, anaongoza chumba cha wagonjwa mahututi. Zamani madaktari hawa walikuwa na hospitali zao za kufanyia mazoezi baada ya diploma, na wale wengine, wenye cheo cha M.D., walikuwa na zao. Tangu mwaka wa 2020 mfumo huo umekuwa mmoja kwa wote.

Jibu kwa mzee basi ni hili: mtoto hatakuwa mwunga mifupa wa kijijini. Atakuwa daktari, na juu ya udaktari atakuwa amefundishwa kutumia mikono. Tena tusiwadharau wazee wanaounga mifupa. Familia nyingi za wakimbizi wa vita zilifika kwao kwanza kwa sababu hospitali ilikuwa mbali au barabara ilifungwa. Lakini mfupa uliovunjwa na risasi au bomu unahitaji chumba cha upasuaji. Waliolazwa katika hospitali ya CBCA Ndosho, ambako Msalaba Mwekundu wa Kimataifa umetibu majeruhi wa vita kwa miaka mingi, wanajua. Waliopewa miguu ya bandia katika kituo cha Shirika la Umoja hapa Goma wanajua pia.

Achague ipi?

Kati ya Kirksville na Des Moines, historia haisemi kwamba moja ni ya kweli na nyingine ni ya uongo. Zote mbili zilipita ukaguzi wa 1910, zote mbili zilibaki kati ya zile tano, zote mbili zinatoa cheo kilekile. Tofauti iko mahali pengine.

Kirksville ni mji mdogo, mbali na miji mikubwa. Maisha huko ni ya bei ndogo kuliko mjini, na shule ni chanzo cha kila kitu: anayesoma pale anasoma nyumbani kwa mwanzilishi. Des Moines ni mji mkuu wa jimbo, wenye wakaaji zaidi ya 200 000, na hospitali kubwa ziko karibu. Shule yenyewe ilihamia majengo mapya huko West Des Moines mwaka wa 2023. Lakini tofauti hiyo nayo isipimwe kwa haraka. Katika shule zote mbili, miaka miwili ya kwanza mwanafunzi hukaa darasani na maabara, halafu miaka miwili ya mwisho hutumwa katika hospitali, mara nyingine mbali na shule. Kwa hiyo swali la kuuliza si mji gani ni mzuri. Swali ni lile la Flexner: nitatumwa hospitali gani, na nitawaona wagonjwa wangapi?

Swali la pili ni pesa. Shule hizi ni za watu binafsi na ni ghali. Deni la dola 200 000 na zaidi kwa mwanafunzi anayemaliza ni jambo la kawaida huko. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu wana haki ya kukopa kwa serikali ya Marekani. Lakini sheria ya Julai 2025 imeweka mpaka: kwa wanaoanza kukopa tangu Julai 2026, masomo ya udaktari hayatapata mkopo wa serikali zaidi ya dola 50 000 kwa mwaka na 200 000 kwa jumla. Shule ambayo bei yake inapita hapo itamlazimisha mwanafunzi kutafuta benki. Familia iliyo Munigi isidhani kwamba mtoto aliyeingia shule ya udaktari ameanza kuwa tajiri. Kwa miaka saba au zaidi, shule na mazoezi pamoja, atakuwa mtu mwenye deni, na simu za kuomba pesa ya kodi ya nyumba zitamlemea.

Swali la tatu ni jamaa. Kuwa karibu na Wakongomani wengine, kanisa linaloimba Kiswahili, mama anayeweza kukuletea sombe siku ya mtihani, si jambo dogo. Bahati nzuri ni kwamba miji yote miwili ina watu wetu.

Na swali la nne ni kurudi. Kama mtoto ana ndoto ya kutibu watu siku moja huku Kivu, aandikie mapema Baraza la Madaktari la Kongo aulize diploma ya D.O. inapokelewaje. Kwa sababu ya ile tofauti ya Ulaya na Marekani, si kila nchi inaelewa vyeo hivyo kwa namna moja. Ni afadhali kuuliza kabla ya kuanza kuliko kufika na diploma mkononi ukaambiwa wewe ni mkandaji.

Wanaochagua huku nyumbani

Kuna vijana wasio na shangazi Marekani. Walifanya mtihani wa Serikali baada ya kusoma chini ya mabashi ya Kanyaruchinya, na tangu kambi zilipobomolewa mwezi wa Februari 2025 wengine wanaishi kwa jamaa, wengine wamerudi vijijini. Nao wanaota udaktari. Wazazi wao waliozaliwa miaka ya 1960 wasingeweza kuchagua kitu karibu na nyumbani. Mobutu aliunganisha vyuo vikuu vyote mwaka wa 1971, na viliachana tena mwaka wa 1981 vikawa vitatu: Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi. Denis Mukwege wa Bukavu, ambaye angepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2018, alivuka mpaka akasomea udaktari Bujumbura.

Mlango ulifunguka mwaka wa 1989. Mwaka huo vilianza Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu na kile cha Graben huko Butembo, kilichoanzishwa na Askofu Emmanuel Kataliko. Mwaka wa 1991 Waprotestanti walianzisha Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika, nacho huko Bukavu. Goma nayo ilikuwa na kituo cha Chuo Kikuu cha Kisangani, ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Goma, na udaktari unafundishwa humo.

Kwa miaka mingi, kijana wa Goma aliyepanda boti kwenda Bukavu alijikuta mbele ya shule mbili: ya Wakatoliki, yenye hospitali kubwa ya mkoa, na ya Waprotestanti, yenye hospitali ya Panzi ambayo Mukwege aliianzisha mwaka wa 1999, baada ya hospitali ya Lemera alikokuwa akiongoza kushambuliwa na wagonjwa kuuawa mwezi wa Oktoba 1996. Familia nyingi zilichagua kwa kufuata kanisa. Lakini ukiangalia vizuri, kilichozifanya shule hizo mbili zisimame katikati ya vita ni kwamba kila moja ilikuwa na hospitali, na hospitali haikuwahi kukosa wagonjwa wala walimu waliokataa kukimbia.

Hapo ndipo historia inamjibu aliye Kirksville na aliye Kanyaruchinya kwa sauti moja. Usichague shule kwa jina lake, wala kwa kanisa, wala kwa picha ya majengo. Uliza wagonjwa wako wapi. Uliza nani atasimama kando yako siku ya kwanza utakaposhika mkono wa mgonjwa. Uliza deni litalipwa na nani.

Wakubwa wa Munigi wamewaona madaktari wengi. Mwezi wa Julai 1994, kipindupindu kilipoua watu kwa maelfu katika kambi za wakimbizi wa Rwanda, pamoja na ile iliyokuwa hapa Munigi juu ya mawe meusi ya volkano, madaktari walifika kutoka pande zote za dunia. Hakuna aliyewauliza wana herufi gani nyuma ya jina. Waliangaliwa kama wana maji safi, chumvi na sukari, na kama watarudi kesho asubuhi.

Mtoto akipiga simu tena, aambiwe hivyo. Kirksville sawa, Des Moines sawa. Asome, amalize, na asisahau njia ya kurudi.